Habari za Fundi na Magari Matatu, na Makalio ya Karatasi ya Watu Saba

Sogeeni, enyi mliokwisha nunua gari nanyi mnaoliota tu. Sogeeni hasa ninyi mnaosema gari ni gari ilimradi linatembea, kwa kuwa ninyi ndio mnaohitaji kufundishwa. Zimeni redio, wekeni simu kifudifudi, na aliyeinjika sufuria apunguze moto. Nataka kuwasimulia vita vya Alhamisi moja, vita ambavyo haikumwagika damu ila oili kidogo kwenye suruali yangu, pale shemeji yangu Fundi, Mwenye Futi Shingoni, Bwana wa Pindo, Mfumuaji wa Mishono ya Mafundi Wengine, alipoyasimamisha magari matatu mbele yake na kuyahukumu moja baada ya jingine, ili ajue lipi litaibeba familia yetu.

Nami ni nani hata nisimulie? Mimi ni mdogo wa mke wake, mpangaji asiyelipa kodi katika chumba cha uani, na ndiye niliyeshika ncha ya pili ya futi siku ile tangu asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo sikuhadithiwa. Niliyoyaona nitayasema, na nisiyoyaona nitayatia chumvi kwa kiasi.

Mjue kwanza chanzo cha vita. Nyumba yetu ina watu saba: Fundi mwenyewe, dada yangu, ambaye ni mwalimu na hata mezani huzungumza kama anayeandika ubaoni, binti yao mkubwa, mapacha wa miaka sita ambao hawajawahi kukubaliana juu ya dirisha, mimi, na mama yetu, yaani mama mkwe wa Fundi. Na gari tulilokuwa nalo, gari dogo lenye moyo mkubwa, lilikuwa la viti vitano. Tuliingia sita kwa kubanana, pacha mmoja juu ya mapaja yangu, na mama akabaki. "Nendeni tu, mimi nitachunga nyumba," ndilo lililokuwa neno lake kila safari kwa miaka miwili, na alilisema kwa wepesi hata tukaamini kwamba kazi hiyo anaipenda.

Sasa, mama ana dada yake mkubwa, anayeishi mwendo wa saa tatu kutoka kwetu, na ambaye hasafiri tena. Wawili hawa husemezana kwa simu kila jioni, kwa sauti ambayo ingefika huko hata bila simu. Kila tulipokwenda kumtembelea mama mkubwa, mama alitupatia mfuko: vitenge alivyovikunja mwenyewe, sabuni, kofia aliyoifuma. Nasi tulirudi na mfuko mwingine kutoka kwa mama mkubwa. Mifuko ilionana sana, wenyewe hawakuonana. Hata safari ya mwisho mama mkubwa akaukataa mfuko, akatwambia mlangoni, bila kupandisha sauti, "Mwambieni mdogo wangu nimechoka kumwona kwenye mifuko."

Neno hilo lilimchoma Fundi. Njia nzima ya kurudi hakuwasha redio. Tulipofika alisimama katikati ya sebule, futi ikining'inia pande zote mbili za kifua chake mithili ya nishani, akatangaza kwamba gari dogo litauzwa, litanunuliwa gari la familia lenye viti saba na milango ya kuteleza, na Jumamosi ya juma lijalo mama atakwenda kwa dada yake pamoja na sisi sote. Mama alikuwa anachagua mchele. Akasema vizuri, Mungu awafikishe, yeye atachunga nyumba.

Kwa Fundi hakuna kitu kinachonunuliwa kabla hakijapimwa. Dada yangu mwenyewe alipimwa sketi mara tatu, ileile, kabla Fundi hajapata ujasiri wa kumwambia kwamba sketi si shida yake. Basi jioni ile alitupanga ukutani mmoja mmoja, akatupima nyonga tukiwa tumekaa, mapaja tukiwa tumekunja magoti, na mabega tukiwa tumeshusha pumzi. Akaandika kila kitu kwenye daftari lake la wateja. Halafu akatandaza karatasi ngumu za kaki sakafuni, zile anazokatia vielelezo vya nguo, akachora kwa chaki na kukata kwa mkasi mkubwa, na kila mmoja akapewa makalio yake ya karatasi, yenye jina juu. Mapacha waligombania yaliyo makubwa. Yangu yalipokatwa, Fundi aliomba karatasi ya ziada, na sitasema zaidi juu ya jambo hilo.

Kikwazo kilikuwa mama. Mkwe hapimwi na mkwewe, na hilo halijapata kuhitaji maelezo. Mimi mwanawe ningeweza, nikamfuata na futi, akanipiga kikofi cha mkono. "Nguo ya kukaa nyumbani haihitaji vipimo," akasema. Shujaa angekata tamaa hapo, lakini huyu hakukata. Siku ya pili, mama alipokuwa kwa jirani, Fundi alitoka uani kwa hatua za mwizi, akaufikia ule mstari wa kamba penye nguo zilizoanikwa, na akalipima gauni la mama kwa heshima zote, akiwa ametazama pembeni kila alipofika kiunoni. Hivyo ndivyo alivyopata vipimo vya mama mkwe bila kumvunjia adabu. Alirudi ndani ameshinda, akakata karatasi ya saba. Kumbe gauni lililoanikwa linaweza kukwambia yote ya mwenye gauni isipokuwa jambo moja, na jambo hilo moja ndilo lililokuja kutuadhiri.

Ikawadia Alhamisi. Jua lilipochomoza, majogoo wakawika, na Fundi akafunga karakana yake ya cherehani tatu, akatundika mlangoni kibao cha *Nimetoka, narudi*, ambacho hakikuwa kimetundikwa tangu mapacha wazaliwe. Tukaenda kwenye yadi ya magari, yeye na futi, mimi na bunda la makalio kwapani. Mekanika wetu, mtu wa maneno machache, alikwisha kuzikagua injini za magari yote matatu juma lile akasema, "Yatatembea." Kwa hiyo injini hazimo katika hadithi hii.

Langoni alitupokea dalali. Jina lake halisi hatukulijua, lakini yadi nzima ilimwita Haijaguswa, kwa kuwa ndivyo alivyosifia kila alichouza: injini haijaguswa, gia haijaguswa, rangi haijaguswa. Alikuwa na viatu vyeupe na ulimi wa asali, na alipoliona bunda langu alidhani ni pesa, akatukaribisha kwa mikono yote miwili.

La kwanza kuingia uwanjani lilikuwa Jeupe. Lilikuwa limewahi kubeba wageni wa hoteli, na bado lilinukia manukato yaliyowekwa kuficha harufu nyingine. Fundi alishika kitasa cha mlango wa kuteleza, akauvuta. Mlango ulikuja hadi nusu ukasimama. Akauvuta tena. Haijaguswa akasogea, akaupiga teke dogo la kirafiki pale chini, na mlango ukafunguka wote. Fundi alimtazama, akatazama kiatu chake cheupe chenye alama nyeusi ncha nzima, alama ya mtu aliyekwisha upiga mlango ule mara nyingi, akaufunga kimya kimya. Jeupe likaanguka hivyo, hata makalio hayajafunguliwa.

La pili lilikuwa la Buluu. Ninyi mliokaa nyuma, simameni mlione. Refu, pana, linang'aa hata unaona meno yako ubavuni mwake. Ukifungua mlango lilikusalimu kwa mlio wa kengele, na taa ndogo zikawaka sakafuni kuonyesha njia. Nilipanda, nikaanza kutandaza. Makalio ya Fundi kwenye usukani, ya dada kando yake. Binti na mapacha safu ya katikati. Safu ya nyuma mama na mimi. Yote saba yalilala, na kila upande ikabaki inchi nzima. Fundi alipita na futi kutoka kiti hadi kiti akinong'ona tarakimu, na macho yake yakalegea. Nilimjua shemeji yangu kwa miaka kumi na sita. Nilikuwa sijamwona akimtazama mtu hivyo ila dada yangu, na hata yeye siku za mwanzo.

La tatu lilikuwa la Maruni. Nasema la tatu kwa sababu lilikuwepo. Lilikuwa limekaa pembeni, fupi, limebonyea ubavuni, lina kikanyagio cha chuma chini ya mlango na kishikio cha mpira ndani yake, kimechakaa kwa kushikwa. Hata Haijaguswa hakuwa na la kulisifia. Alisema tu kwamba limeguswa, lakini na watu wema. Makalio sita yakalala sawasawa. Ya saba, ambayo ni yangu, yakaning'inia nje ya kiti cha nyuma kwa inchi mbili.

"Shemeji," akasema Fundi kwa masikitiko ya kweli, "wewe ndiye unayeliangusha hili gari."

Nilijitetea kwamba karatasi ilikatwa kwa ukarimu. Hakunisikiliza. Hukumu ilikuwa imetoka: la Buluu. Hata hivyo Fundi, ambaye hampi mteja nguo kabla hajaivaa mbele yake, aliweka sharti moja, kwamba halilipii mpaka limepelekwa nyumbani likakanyagwa na wenyewe. Haijaguswa akakubali, akaketi kiti cha kando, nasi tukaingia mtaani kwetu kwa mlio wa kengele.

Majirani walitoka. Mapacha waliingia kwa mlango mmoja wakatokea mwingine, wakagombana, wakaingia tena. Dada aliketi, akafunga mkanda, akatikisa kichwa kama aliyeona jibu sahihi. Ndipo mama akatoka jikoni anajifuta mikono kwa kanga. Alilizunguka gari lote taratibu, akagusa ubavu wake, akasema ni zuri, tena zuri sana, Mungu alibariki. Fundi akamfungulia mlango kwa mikono miwili. Kengele ikalia.

Mama akaweka mkono kwenye kiti. Akainua mguu. Mguu ulipanda, ukapanda kidogo tena, ukasimama hewani pasipo pa kukanyaga, halafu ukarudi chini polepole, kana kwamba alikuwa ananyoosha goti tu. "Gari zuri," akarudia. "Nendeni mkamsalimie. Mimi nitachunga nyumba." Akageuka, akaingia jikoni kwake.

Hapo ndipo nilipokumbuka, na aibu ikanishika hadi masikioni. Miaka miwili nyuma, tulipotoka kliniki, tulipanda gari la kukodi lililokuwa juu namna hii, na mama akashindwa kupanda. Mimi na dereva tulimbeba mzobemzobe, mmoja kwapa na mmoja miguu, mbele ya foleni nzima ya wagonjwa. Kiatu kimoja kikamdondoka. Nilicheka. Naye alicheka, nikadhani tumecheka pamoja. Tangu siku ile nyumba yetu ikapata mlinzi. Na gari letu dogo, ambalo sakafu yake ilikuwa chini na lingemfaa, kiti kilichobaki ndani yake nilikuwa nakikalia mimi.

Fundi hakulijua hilo la kliniki. Lakini macho ya fundi ni macho ya fundi. Alikuwa amelitazama pindo la gauni, gauni lilelile la kambani, na aliona limepanda hadi wapi na limekomea wapi. Alisimama akiwa ameshika mlango wazi, kengele inalia, inalia. Kisha akaniuliza kama jambo hili nalijua, nami nikamwambia yote, pamoja na kicheko.

Hakunigombeza. Alichofanya kilikuwa cha ajabu zaidi. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye ngazi tatu za saruji anazopanda mama kuingia jikoni, anazozipanda mara ishirini kwa siku akiwa na ndoo, na bila kushikwa na mtu. Akapiga goti mbele ya ngazi ya kwanza, Bwana wa Pindo, akanyoosha futi. Inchi nane. Akarudi kwenye la Buluu, akapima kutoka ardhini hadi sakafuni. Inchi kumi na tisa.

Haijaguswa aliyaona yote haya na akahisi biashara inamponyoka. Alisema si neno, bibi ataingia tu, vijana tupo, tutamwinua, mwili wenyewe mwepesi. Fundi alijifunga futi shingoni. Akanena kwa sauti ambayo siku zote anaihifadhi kwa wateja wanaorudisha nguo waliyokwisha ivaa harusini.

"Sikiliza, ndugu yangu. Mama mkwe wangu hainuliwi. Simwinui mimi, hamwinui huyu mwanawe, na wewe ndiyo usahau kabisa. Amewainua yeye watu wa nyumba hii mpaka wakasimama. Gari la mama huyu ataliingia kama anavyoingia jikoni kwake, kwa miguu yake, na mkono mmoja ukiwa na mfuko. Kama hili halijui hivyo, basi ni kabati zuri, lirudishe."

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Sauti ya sufuria iliyokuwa ikisuguliwa ilikoma, kisha ikaendelea.

Tukarudi yadini. Fundi hakulitazama la Buluu likipelekwa mahali pake, najua ilimuuma. Alikwenda moja kwa moja kwa la Maruni, akachuchumaa. Kutoka ardhini hadi kikanyagio, inchi nane. Kutoka kikanyagio hadi sakafuni, inchi saba na nusu. Akakishika kishikio cha mpira, akakivuta kwa uzito wake wote, na kishikio hakikutingishika. Halafu akanyanyua macho akanitazama, na wote wawili tukajua kilichobaki ni zile inchi mbili.

Enyi wasikilizaji, kila vita vina mtu mdogo ambaye siku moja anapewa zamu yake. Nilipanda nyuma ya lile gari. Nikayachukua makalio yangu ya kaki, yenye jina langu kwa chaki, nikayakunja pembeni inchi mbili, nikalisugua kunjo kwa ukucha, nikayaweka kitini. Yakaenea.

"Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi," Fundi akanionya.

"Nitakaa upande," nikamwambia. "Nimekaa vizuri vya kutosha."

Wakapatana bei, ambayo haina nafasi katika historia, na jua lilipokuwa linatua tulirudi nyumbani na la Maruni. Mapacha waliliita chura. Mama alichungulia kupitia dirisha, akafunga pazia.

Basi Jumamosi ikafika. Fundi alitupa amri za vita tangu kwenye chai: mtu asimshike mama, asimwambie karibu, asimwambie pole, asimtazame. Dada, ambaye huwa hapokei amri za mtu, aliitikia. Mama alitoka amevaa gauni la kwenda mahali, akasema kwamba amekuja kutuaga tu, na mkononi ana mfuko. Ghafla sisi sote tukawa na kazi. Dada alitafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. Binti alifunga kamba za viatu visivyo na kamba. Mapacha, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, walitazama dirisha moja. Fundi alifungua boneti akaikazia macho injini ambayo haijui hata kidogo. Mimi nilikuwa tayari nyuma, nimekaa upande, na sitawadanganya: nilitazama.

Mlango wa kuteleza ulikuwa wazi. Mama alikitazama kikanyagio. Akatazama huku na huku, akaona hakuna anayemwangalia. Akainua mguu, na pindo la gauni likapanda, na mguu ukakuta chuma. Akashika kishikio. Mguu wa pili ukafuata. Kisha akageuka, akaketi, akaweka mfuko mapajani, akashusha pumzi moja fupi puani, na viatu vyake vyote viwili vilikuwa miguuni.

Hakuna aliyepiga makofi, na ilinigharimu sana kutopiga.

"Na nyumba atachunga nani?" akauliza mama, akitazama mbele.

Boneti ikafungwa. Fundi akatokea dirishani, jasho likimtoka kana kwamba ndiye aliyepanda.

"Kufuli, mama."

Mama akautengeneza mfuko mapajani. "Haya, funga mlango, baba," akasema. "Vumbi linaingia."

Ukafungwa, kwa mvuto mmoja, bila teke. Andikeni basi, enyi mnaoandika habari za wafalme na kuziacha za mafundi, andikeni na hili kwa wino usiofutika: kwamba aliyepima magari matatu kwa makalio ya watu saba alishinda kwa kupima ngazi ya jikoni; na kwamba Jumamosi ile, saa mbili kasorobo asubuhi, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, nyumba yetu ilibaki haina mtu.